Kadi Iliyoanguka Saa Tano Kamili

Jumatatu, 14 Julai

Kadi ya mtandao imeanguka tena. Si kuanguka chini. Imekaa pale pale ndani ya seva, imekazwa skrubu, taa yake ya kijani inawaka vizuri, halafu inazimika na nyumba arobaini na moja za Karatina zinabaki bila intaneti. Baada ya dakika moja, au saba, inarudi yenyewe. Haisemi ilikuwa wapi.

Nimepima. Nimetuma pakiti mia moja za data kutoka seva hadi mlingoti ulio juu ya paa. Zimerudi sitini na tatu. Thelathini na saba zimepotelea kati ya meza na paa, mwendo wa ngazi mbili. Mtu akipoteza mbuzi thelathini na saba kati ya zizi na lango, majirani wangemfanyia maombi.

Mimi sikusomea haya mambo. Seva hii niliiokota ikitupwa na ofisi moja kule Nyeri mjini. Nikaiwekea FreeBSD, mfumo wa ukoo wa Unix, nikajifundisha mwenyewe kwa simu iliyopasuka kioo. Hakuna aliyenishika mkono. Leo wananipigia arobaini na moja kwa pamoja.

Saa nane mchana nikasikia viatu kwenye ngazi. Viatu vya Mama Nduta vinajulikana. Jina lake ni Kagure, ila sijawahi kumwita hivyo hata akiwa mbali. Alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi na bado anapanda ngazi kama mtu anayekwenda kushika watoto wakinakili mtihani. Ni dada mkubwa wa mke wangu. Jengo ni lake, chumba hiki ni chake, na mlingoti wangu umesimama juu ya paa lake. Nilijikuta nimesimama bila kuambiwa.

Akasema Jumamosi ni ruracio ya binti yake Nduta, siku ya kuletewa mahari. Nikasema najua. Akasema bwana harusi, Mwai, yuko Uingereza na karatasi zake hazijatoka. Wajomba zake watakuja na mbuzi, ila yeye atakuja kwa skrini. Nikasema najua, mimi ndiye niliyejitolea. Akasema saa tano kamili asubuhi Mwai atamchagua bibi harusi kati ya wanawake waliofunikwa leso, kama mila inavyotaka, na baada ya hapo anakimbilia kazini, kwa hivyo hakuna cha kungoja wala kurudia. Nikasema hakuna shida yoyote.

Akaitazama taa ya kadi. Taa ikazimika.

Tukaitazama wote wawili.

Akasema polepole, kwa sauti yake ya gwaride la asubuhi, kwamba Jumamosi picha ikikatika hata mara moja, Jumatatu nishushe mlingoti wangu na paa atampa Jamal wa Nyeri, muuza intaneti mwenzangu. Ameshaongea naye. Ati Jamal ni kijana mwenye adabu.

Sijala. Jamal ana gari lenye jina lake ubavuni. Bila paa hili, mimi ni mtu mwenye bomba bila tanki.

Jumanne, 15 Julai

Nimegundua chanzo. Ni baridi.

Ni rahisi ukifikiria. Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita. Ukungu unaingia hadi sokoni, kina mama wa viazi wamejifunika hadi macho. Kama mtu mwenye damu anaganda, je, kadi? Nikachukua blanketi la Wakiuru, mke wangu, lile la maua. Nikaifunika seva yote, nikaacha uso wake tu nje. Nikakaza na mkanda wangu wa suruali ili upepo usipenye.

Nikapima baada ya saa moja. Pakiti mia. Zilizorudi, arobaini na nane. Na harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

Wakiuru akaja kuleta chakula. Aliweka sahani mlangoni. Kisha akalichukua blanketi lake, akalinusa, akaniuliza kama nilipanga kuinunulia na soksi. Nikamwambia hapa kuna mtu anapigania paa. Akasema, Baba Watiri, kwanza shika suruali.

Jamal akapiga simu. Kwa adabu, bila shaka. Ati Mama Nduta amemwomba aulize kama nahitaji msaada. Aliniita "mzee wangu". Mimi nina miaka arobaini na sita. Akauliza kama nimejaribu kubadilisha kebo, ati mara nyingi kadi hulaumiwa na kumbe kosa ni la kebo. Nikamjibu kwamba kebo yangu niliifunga kwa mikono hii. Akasema sawa mzee wangu.

Baadaye nikabadilisha kebo. Si kwa sababu ya Jamal. Ile ya zamani ilikuwa imegugunwa na panya sehemu mbili, na kishikio chake kilivunjika, nilikuwa nimekibana na kijiti cha kiberiti tangu Krismasi. Halafu rangi yake ilikuwa imenichosha.

Lakini dawa yenyewe niliipata jioni, na ni yangu mwenyewe. Nilijiuliza hivi: ikiwa kadi lazima ianguke, kwa nini ichague yenyewe? Ianguke nikitaka mimi. Seva ina ratiba yake, inaitwa cron. Unaiandikia dakika na saa, na ikifika inafanya ulichoiagiza bila kuuliza. Nikaiagiza kila siku iizime kadi, iiache ipumzike dakika mbili, halafu iiwashe. Kupumzika ndiyo siri. Kadi hii haijapumzika tangu niiokote.

Saa ngapi? Nikachagua saa kumi na moja alfajiri. Wateja wote wamelala, hata wa kukamua ng'ombe bado anatafuta viatu vyake vya gambuti. Nikaandika dakika 0, saa 11. Nikafunga.

Mstari mmoja. Jamal angeandika ukurasa mzima na bado angeita mkutano.

Jumatano, 16 Julai

Mia kwa mia!

Nimepima mara nne. Kila mara pakiti mia zimekwenda na mia zimerudi. Kutoka arobaini na nane hadi mia, hilo ni ongezeko la asilimia mia na nane na ushei. Sijui kama chuo kinafundisha kitu cha kupandisha hivyo.

Nilifika hapa alfajiri kuishuhudia dawa ikifanya kazi. Saa kumi na moja kamili, macho yangu kwenye taa. Haikuzimika hata sekunde. Dawa imefanya kazi kwa upole kiasi kwamba taa yenyewe haikusikia. Nikanywa chai nikiwa na furaha ambayo sijaijua tangu Watiri azaliwe.

Halafu, saa tano asubuhi, ikaanguka.

Dakika mbili. Ikarudi. Kutwa nzima haikurudia tena, nilikaa nayo kama mtu anayekaa na mgonjwa. Mara moja tu. Lakini saa tano. Kati ya saa zote ambazo Mungu aliumba, imechagua ile ambayo Jumamosi Mwai atakuwa amefungua mdomo amchague Nduta.

Nimehesabu siku kwenye kalenda ya ukutani.

Ingekuwa Jumapili, ruracio ikiwa imepita, ningesema ni bahati mbaya. Leo ni Jumatano, bado siku tatu. Nimejiambia ni mara moja tu, na mara moja si kitu. Kwa hesabu, nukta moja haichori hata mstari.

Alhamisi, 17 Julai

Imeanguka tena. Saa tano kamili. Si na dakika moja, si kasoro. Mtangazaji wa redio alikuwa anasema "saa tano kamili" na kabla hajafunga mdomo taa ikazimika.

Mara mbili kati ya siku mbili. Hiyo ni asilimia mia.

Nilizima redio, halafu akili ikarudi. Kitu kinachotokea saa ile ile kila siku kina mwenyewe. Nani hapa ana ratiba? Nikatazama dirishani. Chini yangu, mlangoni mwa duka la chini, ni Ndungu, fundi wa kuchomelea mageti. Mashine yake ya kuchomelea inakula stima hadi taa za jirani zinakonyeza.

Nikashuka mbio. Ndungu alikuwa ameketi juu ya ndoo anakunywa chai. Mashine haikuwa inawaka. Lakini ilikuwa imechomekwa ukutani. Kwangu hiyo inatosha.

Nikamuuliza alikuwa anafanya nini saa tano kamili. Akasema alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza na jana saa kama hiyo. Akafikiri, akasema jana alikuwa na mandazi pia. Nikamwomba Jumamosi asiichomeke mashine kabisa hadi saa sita. Akacheka hadi akaweka kikombe chini.

"Injinia, kwani chai yangu ndiyo inazima intaneti?"

Nikamwambia asifanye mzaha, kuna mlingoti hapa. Akasema ana geti la pasta la kumaliza Jumamosi, na pasta ni mtu wa kuuliza maswali. Hatasimama.

Wazo likanijia nikiwa kwenye ngazi. Nikarudi, nikamkaribisha kwenye ruracio ya Nduta. Nikamwambia kuna nyama kuanzia saa nne. Akaanza kufuta mikono pale pale, ati geti la pasta linaweza kungoja, pasta mwenyewe huhubiri subira.

Hakuna anayechomelea akiwa na mbavu mkononi. Sijamwambia Mama Nduta. Nitasema ni mtu wa upande wa bwana harusi.

Ijumaa, 18 Julai

Saa tano kamili. Mara ya tatu.

Siku tatu, mara tatu, dakika mbili kila mara. Sasa najua hofu ina saa. Ikifika saa tano kasoro nashika meza kama niko kwenye lori linaloshuka mteremko wa Kenol bila breki.

Na hiyo haikuwa mbaya zaidi. Mchana viatu vikasikika kwenye ngazi. Halafu, nyuma yake, viatu vingine vya adabu.

Mama Nduta amemleta Jamal. Jamal amebeba kadi mpya kwenye mfuko wake wa plastiki na tabasamu. Akanisalimia kwa mikono miwili. Mama Nduta akasema hana muda wa kuona aibu yangu wala yake, kadi ibadilishwe sasa hivi akiwa amesimama hapo.

Ningefanya nini? Paa ni lake. Nikazima seva kwa mkono wangu, nikakaa pembeni kama mtu ambaye mtoto wake anadungwa sindano. Jamal akafungua, akatoa ya zamani, akaweka mpya. Ni ndugu ya ile ya kwanza, kampuni moja, hata seva ikaipa jina lile lile, re0, na mstari wangu ukaikubali bila kubadilishwa. Ndungu, ambaye alikuwa amepanda kuuliza kama nyama ni ya kuchoma au ya kuchemsha, na ambaye r na l kwake ni kitu kimoja, akauliza kama hiyo "le ziro" ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Mama Nduta akamtazama. Akashuka.

Halafu Jamal akanigeukia. Akasema kadi ya zamani haionekani kuwa na kosa. Akasema kitu kinachoanguka saa kamili kila siku kinanuka ratiba, na akaomba aangalie ile cron mara moja tu. Mkono wake ulikuwa tayari unaelekea kwenye kibodi.

Nikainamia kibodi kwa tumbo. Nikasema hiyo ni siri ya kampuni.

Anataka dawa yangu. Anataka kuiona, aipeleke Nyeri, aiweke kwenye seva zake zote na aibandike jina lake ubavuni. Nimeijenga kazi hii bila mtu, siwezi kumkabidhi mstari wangu mtu mwenye gari.

Mama Nduta akatikisa kichwa vile anavyotikisa kwa watoto waliorudia darasa. Walipoondoka nikatazama nje. Jamal ameacha ngazi ndefu ya alumini, ameiegemeza kwenye ukuta wa jengo. Ati ameiacha tu kwa sababu gari limejaa. Nimeipima kwa macho. Inafika kwenye paa na inabaki.

Wakiuru ananiambia nisiogope, picha hata ikiwa mbaya Mwai hatakosea. Nduta atafunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mguu na Mwai ameambiwa. Ni udanganyifu kidogo lakini wanaupenda. Na mmoja wa wasichana wa kufunikwa amepata homa, kwa hivyo Mama Nduta amemwambia Wakiuru ajaze pengo. Wawe sita.

Sasa niko na kadi mpya, kebo mpya, dawa kila alfajiri, na Ndungu amealikwa. Nimehesabu njia zote za kuanguka na nimeziba zote. Kwa nini basi sipati usingizi?

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika polepole.

Hema lilikuwa zuri, nyumbani kwa Mama Nduta pembeni mwa mji, mojawapo ya nyumba zangu arobaini na moja. Skrini ilikuwa kubwa, nimeifunga mwenyewe kwenye mti wa parachichi. Saa nne na nusu Mwai akatokea, suti ya kijivu, pazia la maua nyuma yake, picha safi hadi unaona alivyojikata akinyoa. Wazee wakapiga makofi. Mama Nduta akanitazama kwa mbali na akainamisha kichwa kidogo sana. Kwa miaka kumi na tisa ya kumjua, ni mara ya kwanza. Nilitaka kulia.

Ndungu alikuwa kwenye meza ya nyama. Nilimwona kwa macho yangu, mbavu kila mkono.

Wanawake sita wakaletwa wakiimba, wamefunikwa leso kutoka kichwani, miguu tu inaonekana. Wakasimama mstari. Wa nne kutoka kushoto alikuwa na uzi mwekundu. Nikauona. Nikamwona Mwai naye akiuona, maana alianza kucheka peke yake. Saa tano kasoro dakika moja. Mjomba wake mmoja akamwambia asiharakishe, akichagua vibaya atalipa mbuzi. Mwai akasema atakoseaje, yeye angemjua Nduta hata gizani.

Akafungua mdomo.

Picha ikaganda.

Akabaki hivyo, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kijiko cha dawa. Saa yangu ilisema saa tano kamili. Mzee mmoja akauliza kama kijana amepigwa na baridi ya Uingereza. Wanawake hawakujua kinachoendelea, wao wamefunikwa, na wimbo ulipofika mahali pake wakafanya kama mila inavyotaka: wakazungushwa, wakabadilishana nafasi ili kumchanganya bwana harusi. Nikapaza sauti wasimame. Nilisikia ikitoka kama ya kuku.

Dakika mbili. Mwai akarudi, hajaona walivyobadilishana. Mdomo ulikuwa bado umefunguka, kwa hivyo akausema ule ule mpango wake, kwa furaha yote, mbele ya koo mbili.

"Wa nne! Huyo wa nne ndiye wangu!"

Mama Nduta mwenyewe akafunua leso.

Wakiuru.

Mbuzi mmoja akaendelea kutafuna kamba. Halafu hema zima likaanguka kwa kicheko. Mjomba wa Mwai akauliza kama huyu anakuja na watoto wake au wanabaki kwa mwenyewe. Mwai akawa anasogeza uso karibu na skrini, ati Nduta, mbona umechoka hivyo. Nduta alikuwa wa kwanza kushoto, anatikisika chini ya leso, sijui analia au anacheka. Wakiuru akapanga kitambaa chake cha kichwa, akasema kijana ana macho.

Mama Nduta hakucheka. Alikuwa ananitafuta. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji.

Alinipata. Akasema wajomba wamekubali mbuzi wa faini, na kwamba Mwai atachagua upya kesho saa kumi na moja jioni akitoka kazini. Watu wote watarudi. Akasema hii si huruma kwangu, ni kwa sababu mtoto wake hawezi kulala akiwa ameposwa nusu. Picha ikikatika kesho, sitashusha mlingoti mimi. Jamal ataupanda mwenyewe, ngazi iko tayari.

Niliporudi mjini nilikaa gizani na kufikiri. Ndungu alikuwa na mbavu mikono miwili, mashine yake imefungiwa. Kwa hivyo si Ndungu. Kadi ya zamani haikuwepo. Kwa hivyo si ya zamani. Kimebaki nini? Kadi mpya. Ya nani? Ya Jamal.

Niseme nini tena.

Wakiuru amekaa kitandani akijitazama kwenye kioo kidogo. Anauliza kama kesho avae ile leso ya kijani.

Jumapili, 20 Julai

Jamal alikuja asubuhi watu wakiwa kanisani. Nilikuwa nimeteremka kuchota maji ya chai na nimesahau skrini wazi. Niliporudi, alikuwa anasoma mstari wangu. Ameshausoma. Ni mmoja, hausomwi kwa muda mrefu.

Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Akavuta kiti. Akasema, mzee wangu, seva haihesabu saa kama sisi. Inaanza kuhesabu usiku wa manane. Kumi na moja yake ni saa yetu ya tano asubuhi. Wewe umeiagiza izime kadi saa tano kila siku, na imekutii. Akasema nifute mstari wote, ugonjwa uliisha siku niliyobadilisha kebo. Au kama lazima iwe alfajiri, niandike 5.

Niliisikiliza ile sauti ya adabu hadi mwisho. Kisha nikaichambua.

Kwanza, anataka nifute dawa kwa sababu mgonjwa amepona. Kwani amepona kwa nini?

Pili, anataka niandike tano. Tano! Saa ile ile ya aibu. Saa iliyomchumbia mke wangu kwa mtu wa Uingereza. Mtu anayekutakia mema anaweza kukwambia uandike tano?

Nikamshukuru, nikamwonyesha mlango. Akaniomba tafadhali leo nisiache mstari ule. Akashuka polepole, akigeuka nyuma.

Lakini mimi si mjinga. Katika maneno yake kulikuwa na kitu kimoja cha kweli, nikakichukua na maganda nikaacha: mimi na seva hatusomi saa moja. Sawa. Nani abadilike? Seva niliiokota mimi, nikaivalisha mimi. Itasoma saa kama mwenyewe.

Nikairudisha saa yake nyuma kwa muda wa saa sita. Kuna kiprogramu kinachouliza saa sahihi kutoka nje, nikakizima, hatuulizi wageni saa katika nyumba hii. Sasa saa ya ukutani ni nne na nusu kwa Kiswahili, na seva inasema nne na nusu. Hatimaye tunaelewana. Nikangoja saa tano. Ikaja, ikapita. Taa haikupepesa. Nilikaa pale mdomo wazi kama Mwai. Siku nne za hofu, zimetibiwa kwa dakika moja, bila chuo, bila gari lenye jina.

Mstari sikuugusa. Dakika 0, saa 11. Kumi na moja sasa ni kumi na moja.

Nikampigia Mama Nduta, nikamwambia mbele ya Mungu na mbele ya paa lake kwamba leo hakuna kitakachokatika. Akasema, Baba Watiri, nimekusikia. Sauti yake ilikuwa karibu ya kibinadamu.

Naandika haya nikiwa nyuma ya hema, daftari juu ya goti. Skrini iko kwenye mparachichi. Mwai ameingia, ametoka kazini, bado ana beji shingoni. Wajomba wamekaa. Ndungu amerudi bila kualikwa. Wanawake sita wamefunikwa, uzi mwekundu uko kwa wa pili, na leso ya kijani iko kwa wa tano. Jamal amesimama langoni, nilimpigia mchana kujisifu kwamba seva sasa inasoma saa yangu. Amenipungia mkono, ananyoosha kidole kwenye saa yake, anatikisa kichwa kwa nguvu. Anafikiri mtu ataingiwa na hofu.

Nimekumbuka kwamba saa kumi na moja ziko mbili, ya alfajiri na ya jioni. Nimelifikiria hilo na nimelimaliza. Niliyoiagiza ni ya alfajiri. Nakumbuka vizuri, nilikuwa nawaza wakamuaji wa ng'ombe nilipoiandika.

Saa kumi na dakika hamsini na nane. Mwai anaangalia miguu na anaanza kucheka. Sijashika meza, ni mara ya kwanza wiki hii.